Nilifunga kadi ili mke wangu apumzike, sasa benki inaniita mgeni

Ndugu msimamizi, nakuomba unisitiri jina. Nanyi wasomaji, mniwie radhi kwa urefu wa maneno yangu. Shule za misheni zilitufundisha kuandika kwa utaratibu, na kwenye simu naandika kwa kidole kimoja.

Mimi ni mzee wa miaka sabini na moja, naishi Bariadi, kata ya Somanda. Nilikuwa karani katika ofisi ya pamba hadi nilipostaafu. Mke wangu alifariki mwaka juzi baada ya kuugua muda mrefu, na ng'ombe wetu wote waliuzwa kwa ajili ya matibabu yake. Nimebakiwa na pensheni na shamba la pamba.

Tangu binti yetu wa mwisho akiwa sekondari, nilikuwa na kadi ya mkopo ya benki. Kila msimu wa kupanda tuliitumia kununulia mbegu na dawa, na pamba ikiuzwa tulilipa. Mke wangu ndiye aliyenisimamia. Hela ya pamba ilipoingia, hakukubali hata kilo moja ya nyama inunuliwe kabla sijakwenda benki. Hatukuchelewa hata msimu mmoja.

Siku ya maziko, kama ilivyo desturi yetu, ilitangazwa mbele ya watu kwamba anayemdai marehemu au anayedaiwa naye aione familia. Hakujitokeza mtu. Lakini siku ya kumaliza matanga shemeji yangu, dada wa marehemu, aliniita pembeni akaniuliza kuhusu ile kadi. Nilimjibu kwamba haina deni. Akasema, "Shemeji, kama haina deni, ya nini kukaa wazi? Kifunge hicho kitu. Dada yangu alale bila jina la mkopo nyumbani kwake."

Niliona amesema neno la heshima. Juma lililofuata nilivaa koti langu la kanisani nikaenda kuifunga. Kijana wa dirishani aliniuliza kama nina hakika, nikamjibu kwa majivuno kidogo, Mungu anisamehe, kwamba nyumba yangu sasa ni safi. Mwaka huu pembejeo zilinilemea, nikaomba kadi nyingine. Nikapewa ya kiwango kidogo, nami sikujiuliza kwa nini ni kidogo.

Sasa nifike kwenye linaloniliza. Mke wangu amezikwa Nassa, kwenye eneo la ukoo wetu. Tulipogawana na marehemu mdogo wangu, upande wenye makaburi ulikuwa wake, na sasa ni wa mwanawe. Kijana huyo anauza upande wote apate mtaji wa mashine ya kukoboa mpunga. Simlaumu, ana watoto. Alikuja kwangu kwa adabu, akapiga magoti, akasema, "Baba mkubwa, sikufukuzi kwa mama. Nimekupa nafasi ya kununua wewe kwanza. Ila mnunuzi hawezi kungoja pamba iuzwe." Nilimwomba atenge makaburi, akanieleza kwamba yako upande wa barabarani, na mnunuzi bila sehemu hiyo hataki. Anataka kuzungushia ukuta.

Nikarudi benki ileile kuomba mkopo wa kulinunua eneo hilo, kwa matumaini makubwa. Ofisa wa mikopo, binti mpole, alinisalimu kwa Kisukuma, mwangaluka babu, akanivutia kiti. Alitazama kompyuta yake kwa muda, kisha akanieleza taratibu kwamba ile kadi ya zamani inaonekana, na malipo yote yanaonekana kuwa mazuri, lakini imefungwa, na wao wanapima umri wa akaunti iliyo wazi. Iliyo wazi ni hii changa. Kwa umri wake sistahili mkopo ninaouomba.

Nikamwambia, "Binti yangu, mimi ni yuleyule. Aliyemaliza deni na kushukuru ndiye mgeni, ila mwenye kuendelea kukopa ndiye mwenyeji?"

Akacheka kwa huruma, halafu akaacha kucheka. "Babu, kwenye kulipa hukukosea. Ungelipa tu, ukaiacha wazi, ukawa unaitumia kidogo kidogo. Leo tungekuwa tunaongea mengine."

Nilimwuliza kama inaweza kufunguliwa tena ile ya zamani. Akatikisa kichwa. Nilimshukuru nikatoka, na nje nilikaa kwenye ngazi hadi mlinzi akaniuliza kama naumwa.

Shemeji sijamwambia. Nikimwambia atajua kwamba neno lake ndilo lililotufikisha hapa, naye alilisema kwa kumpenda dada yake. Aliyejua ni binti yangu huyo wa mwisho, sasa ni mwalimu kule Mwanhuzi. Alinipigia simu akasema, "Baba, acha nikope mimi kwa mshahara wangu. Aliyelala pale ni mama yangu." Nilimwuliza mumewe anasemaje. Akasema atamweleza baadaye.

Ndugu zangu, hao wawili wanajenga nyumba yao. Jina la binti yangu benki ndiyo kwanza linaanza kukua. Nikikubali, pamba ikakataa au mimi nikamfuata mwenzangu kabla ya kumaliza, nitakuwa nimemharibia jina na huenda ndoa pia. Nikikataa, nitakuwa nagonga geti la mtu nisiyemjua, naomba ruhusa ya kuingia kumsalimu mke wangu.

Mnunuzi anakuja Jumamosi kuweka vigingi. Binti yangu anangoja neno langu, na kila akipiga namwambia bado natafakari, kumbe naogopa tu. Samahani kwa kuwachosha. Nishaurini kama mnavyomshauri baba yenu: nimwambie akope, au niwaache waweke vigingi?