Fundi Severin achagua turbo ya gari la Shadia

Saa moja asubuhi, katika gereji yake ya mabati Kingolwira, Severin Mkude anaizungusha kwa kidole feni ya turbo, kifaa kinachoisukumia injini upepo iongeze nguvu. Anaisikiliza, kisha anaiweka mezani kando ya nyingine iliyo kubwa zaidi. Leo ni siku ya tatu anafanya hivyo.

Injini iliyo mbele yake ni ya gari la mashindano la Shadia Kombo. Ilikuwa na nguvu za farasi 280. Sasa wanataka ifike 450. Pistoni ameshabadilisha. Imebaki turbo, na mwenye gari amemwachia achague.

"Nimepewa amana. Siwezi kuwa na haraka," anasema fundi huyo wa miaka 56.

Mwaka jana alikuwa na haraka. Alifunga turbo kubwa kuliko zote alizopata, akiamini kubwa ndiyo yenye nguvu. Lakini turbo huzungushwa na moshi wa injini, na ikiwa kubwa mno husubiri moshi mwingi. Katika milima ya Mkuyuni gari lilipanda kivivu, kisha nguvu yote ikaja kwa mkupuo katikati ya kona. Likatumbukia kwenye migomba. Shadia akavunjika mkono.

Severin alikwenda hospitali na mkewe, Christina, kwa sababu peke yake asingethubutu.

"Nilimwambia, mwanangu, kosa ni langu. Akanitazama, akasema, 'Fundi, nimekuamkia hujaitikia.' Nikalia pale pale."

Habari zikaenea. Kwa miezi miwili wateja walimkwepa. Siku nyingine alirudi nyumbani na shilingi elfu nane za kubadilisha oili. Aliyerudi wa kwanza ni Shadia, mkono ungali kwenye plasta, gari likivutwa kwa kamba.

"Watu walinishangaa," anasema Shadia, mwenye duka la mbegu mjini. "Lakini mafundi wengine wangesema dereva hajui. Huyu alikiri."

Tangu hapo Severin hakisii tena. Bartholomeo, mwalimu wa ufundi aishiye Kilakala, humsomea michoro ya watengenezaji wa turbo iliyoandikwa Kiingereza, na wanapiga hesabu pamoja: ukubwa wa injini, kasi yake, upepo inaouhitaji.

"Namshukuru sana. Kanikuta na mvi zangu, hakunicheka."

Saa nne anaamua. Anachukua ile ndogo kati ya mbili, ingawa bado ni kubwa mara mbili ya ile ya kiwandani.

"Itatupa 420. Hizo thelathini tuziache. Huku kwetu ni kona na vilima; akikanyaga, gari liitike hapo hapo."

Anampigia Shadia na kumweleza. Jibu ni fupi: "Kama umeridhika, funga."

Jumamosi watalijaribu kwenye barabara ya vumbi nje ya Mikese. Kwenye kiti cha pembeni atakaa Severin. Christina alikataa siku mbili, ya tatu akamtafutia kofia ngumu.

"Mungu akijalia, nitapanda nilichokifunga mwenyewe," anasema, na kuchukua spana.