Nati Ndani ya Mlango wa Kulia

Baba yangu, Orval Stroud, hakuwa mtu wa makelele, lakini gari lake lilipiga kelele miaka tisa. Kelele hiyo niliitia mimi, kwa mikono yangu hii. Nalisema mapema makusudi, maana nikianza na sifa zake nitazunguka mpaka jua lizame bila kulitamka, na kuzunguka nimeshazunguka vya kutosha.

Alitoka kwenye mashamba ya pamba kusini mwa Missouri, akafika hapa Flint, kaskazini, mwaka 1934 na shati la mwilini na lingine la kubadilisha. Kampuni, maana hapa mjini tunasema Kampuni tu na hakuna anayeuliza ipi, ilikuwa imeshakuwa kubwa. Wazee bado walikumbuka mikokoteni ya farasi iliyoundwa karibu na mto kabla ya magari, lakini vijana kama Baba walikuta majengo yasiyo na mwisho na moshi mchana kutwa. Akawekwa jengo la injini. Laini, ule mkanda unaopitisha kazi mbele ya mafundi, ilikwenda mbio hata mtu akirudi nyumbani analala na buti zake.

Majira ya baridi ya mwaka 1936 kuingia 1937, wafanyakazi wakakaa chini. Hawakutoka nje kugoma. Waligoma humo humo ndani, siku arobaini na nne, wakilala kwenye viti vya magari ambayo hayajaisha. Wanawake waliwapitishia chakula madirishani, na mmoja wao, Opal, ndiye aliyekuja kuwa mama yangu. Baba alisema alimpenda kwa sababu ya maharage yake. Mama alisema, "Mwongo huyo! Maharage yalikuwa ya jirani, mimi nilibeba sufuria tu." Mwishowe Kampuni ikakikubali chama cha wafanyakazi, na Baba akatoka na ndevu mpaka kifuani. Kitu alichojivunia zaidi ya chama chenyewe ni kwamba katika siku zote hizo hakuna aliyekwaruza hata kiti kimoja.

"Tuligombana na wakubwa," alikuwa akisema. "Gari halikutukosea kitu. Kila gari lina mwenyewe huko mbele, hata kama hujamjua."

Vita vilipokuja aliunda vifaru. Vita vilipokwisha akarudi kwenye magari, na mwaka ule Kampuni ilipotimiza gari la milioni hamsini, likapakwa dhahabu na kutembezwa mjini, alinibeba mabegani nilione. Baadaye akapandishwa kuwa mkaguzi. Alikuwa na chaki ya nta ya njano, na kila alichokiridhia alikiandika O.S. na tarehe. Ugonjwa huo akaja nao nyumbani. Chupa za Mama za matunda ya pichi ziliandikwa O.S. Daftari langu la hesabu liliandikwa O.S., tena ukurasa wenye makosa hakuugusa mpaka nirudie.

Mimi naitwa Nadine. Niliingia kiwandani mwaka 1976, upande wa milango. Mnyapara wetu aliitwa Kessler, mtu mwenye shingo fupi na kicheko kirefu. Kwenye laini huwezi kwenda msalani tu unavyotaka. Unainua mkono, mnyapara analeta mtu wa kushika nafasi yako. Siku moja nikainua mkono. Kessler akaniona, akageuza kichwa, akaendelea na hadithi zake za mpira. Nikainua tena. Nikapunga. Nikaita. Mwishowe nilijikojolea nimesimama, bisibisi mkononi, milango inanipita.

Ndipo akaja. "Vipi, Stroud, paa linavuja?"

Watu wakacheka. Si wote, lakini waliocheka nawajua kwa majina mpaka leo.

Sikumwambia Baba. Ningemwambia, kesho yake chama kizima kingekuwa mlangoni kwa Kessler. Lakini ningeanzaje? Mwanamke wa miaka thelathini na moja nimwambie baba yangu nimejikojolea kazini? Niliona aibu, nikanyamaza, na ile aibu ikachacha ikawa kitu kingine.

Sasa, kwetu kulikuwa na desturi. Mfanyakazi akiagiza gari lake, namba yake inapita mdomo kwa mdomo kwenye laini nzima, na likifika kwako unalikaza kwa upendo. Gari la ndugu, tulisema. Na gari la mtu asiyependwa nalo lilijulikana, ila mkono uliolishika ulikuwa mwingine, wa kulipiza.

Vuli ya mwaka 1979 mwenzangu Cleotha, aliyefanya kazi ubavuni pangu, akaniinamia sikioni.

"Shoga, la Kessler linapita leo kabla ya chakula. Kijani, viti vya kahawia. Namba sikuipata."

"Kijani viti vya kahawia? Yatakuwa mangapi hayo?"

"Kwa leo? Labda hilo hilo. Nani mwingine mwenye macho mabaya hivyo?"

Nikafunga nati kubwa kwenye kamba, na gari la kijani lilipofika nikaining'iniza ndani kabisa ya mlango wa kulia, wa abiria maana kwetu usukani uko kushoto, mahali ambapo haigusi bati mpaka gari likate kona au lisimame ghafla. Nilitumia fundo la gunia, lile alilonifundisha Baba nikiwa mdogo, la wafunga magunia ya pamba. Ukilivuta linazidi kukaza. Kisha paneli ikafungwa juu yake. Nilifurahi, sitasema uongo. Nilikula mkate wangu siku hiyo kwa raha ambayo sikuwa nayo miezi.

Baada ya chakula likapita gari jingine. Kijani. Viti vya kahawia.

Cleotha akashika mdomo. "Mama wee! Kumbe la Kessler ndilo hili! Lile la kwanza la nani?"

Nikamjibu, na maneno haya ndiyo yanayoniamsha: "La mtu yeyote. Kwani mimi namjua?"

Wiki tatu baadaye, Jumamosi, honi ikalia nje ya nyumba yetu. Baba alikuwa amestaafu mwezi huo. Nikatoka na taulo kichwani, nikamkuta amesimama kando ya gari la kijani lenye viti vya kahawia, ameshika kofia kama yuko kanisani.

"Binti, njoo uone! Limetoka kwenu hili, mikono yako imeligusa."

"Baba... mbona hukutuambia? Mbona hukutoa namba?"

"Kwa nini nitoe namba? Mjane wa huko Ohio akinunua gari, anampa nani namba? Nilitaka gari analopata mtu yeyote." Akafungua mlango wa kulia kwa heshima. "Ingia, Mama," akamwambia mkewe, aliyekuwa ametoka nyuma yangu.

Wakazunguka mtaa, mimi nimesimama pale pale. Waliporudi uso wake ulikuwa umebadilika kidogo, kidogo tu.

"Kuna kitu kinagonga," alisema. "Kwenye kona. Ko, ko. Si kitu, watalitazama."

Mchimba kisima huingia mwenyewe, husema watu. Waongo. Mimi nilimwingiza baba yangu, nikabaki juu nachungulia.

Gereji walitazama mara nne. Walikaza hiki, walitia mafuta kile, hawakupata kitu. Na hapo ndipo alipoingia mjomba wangu Delmar, kaka yake Mama, mtu mwenye mdomo usio na kitasa. Delmar alikuwa na gari la Kijapani. Katika Flint ya miaka ile hilo lilikuwa jambo zito. Aliliacha mitaa mitatu kutoka ukumbi wa chama, lisije likachorwa kwa misumari. Alikuwa anatafuta pa kujitetea, na gari la Baba likampa.

"Shemeji!" alikuwa akipaza sauti kila Jumapili mezani. "Hodi inapigwa huko kwenye gari lako, humfungulii mgeni?"

"Kula, Delmar."

"Mmekaa siku arobaini na nne kwenye baridi ili muunde manyanga ya kutikisa? Langu halina hata mlio. Njoo nikupeleke uone gari linavyonyamaza!"

Baba alikuwa akichovya mkate wake wa mahindi kwenye maharage. Mtu aliyekagua injini miaka ishirini na tano, anatambiwa mezani kwake, na mimi nakaa mbele yake napitisha chumvi.

Majira ya baridi ya pili, ghafla akaacha kwenda gereji. Nikadhani amekata tamaa. Delmar alipomchokoza tena, Baba akasema, "Gari ni zima. Ni masikio yangu. Jengo la injini liliniharibu masikio." Tangu siku hiyo Delmar akamwita Kiziwi, mbele ya watu, na Baba akaitikia.

Mama alifariki mwaka uliofuata. Mimi nikawa nafuatana na Baba dukani, kanisani, makaburini. Yeye usukani, mimi upande wa kulia, nati yangu iko karibu na goti langu. Kila safari, tukikaribia kona ya Mtaa wa Dort, alizima redio. Gari linapinda. Ko, ko. Ananigeukia.

"Unasikia?"

"Sisikii kitu, Baba."

Alikuwa anasubiri kidogo, halafu anawasha redio. Miaka saba! Niambie mtu anaweza vipi kusema uongo mmoja miaka saba kwenye kona ile ile. Kila asubuhi nilijiapiza: leo nitasema. Halafu namwona anavyoketi wima kwenye gari lile, nasema nikimwambia nitamvunja moyo. Huo nao ulikuwa uongo. Nilikuwa naogopa macho yake tu, basi.

Jengo letu likafungwa mwaka 1987. Kessler akahamia kwa mwanawe, Cleotha akaenda Texas. Masika ya mwaka uliofuata Baba akalala hospitalini siku tisa. Siku ya nane akafungua macho, akaniuliza gari liko wapi.

"Liko nje, Baba."

"Bado linagonga?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema kweli. Mlango umefunguliwa wote. Nikamfunika blanketi vizuri nikasema, "Pumzika, usijichoshe."

Akasema, "Haya, mwanangu." Hayo ndiyo aliyoniambia mwisho.

Baada ya mazishi tulikula kwenye ukumbi wa chama. Delmar alilia kwelikweli, halafu, kwa kuwa ni Delmar, akasema ili watu wacheke, "Nani anarithi ile nyanga ya Kiziwi?" Watu wakacheka kwa upole. Mimi nikaangalia sahani yangu.

Kesho yake asubuhi nikachukua bisibisi nikafungua paneli ya mlango wa kulia. Nilitaka kuitoa ile nati, nikaitupe mtoni, iishe. Nikaingiza mkono, nikaivuta ije kwenye mwanga.

Kamba haikuwa yangu. Yangu ilikuwa ya kawaida ya kiwandani. Hii ilikuwa ya kuvulia samaki, mpya na imara. Fundo lilikuwa fundo la gunia, limefungwa vizuri kuliko langu. Na kwenye bati, kwa chaki ya nta ya njano, mwandiko ambao ningeujua hata gizani: O.S., Februari 1981.

Nikaketi chini kwenye saruji. Alilijua fundo. Nani mwingine katika jiji zima angelifunga, ila yeye na mtoto aliyemfundisha? Alifungua, akajua, akaona kamba inakaribia kukatika, akaweka nyingine, akairudisha nati mahali pake ili iendelee kugonga. Kisha akaenda kumwambia Delmar kwamba masikio yake ndiyo mabovu. Na kila kona akanipa nafasi. Hakuwa ananiuliza habari za gari hata siku moja.

Niliona aibu ambayo sijapata kuiona, na ile ya kujikojolea mbele ya watu ilikuwa mchezo wa watoto.

Nikafunga paneli bila kuitoa nati. Jumapili ile nikaendesha mpaka kwa Delmar. Alikuwa barazani na kahawa.

"Mjomba, ni mimi."

"Naona ni wewe, sijapofuka."

"Kelele ya gari. Ni mimi niliyetia nati mlangoni. Nilidhani ni la mnyapara. Na Baba alijua tangu mwaka themanini na moja. Masikio yake yalikuwa mazima."

Alicheka kwanza, akidhani ni mzaha. Halafu akaweka kikombe chini.

"Alikuwa ananisikia? Nikimwita Kiziwi?"

"Kila neno."

"Na wewe ulikuwepo, mezani."

"Nilikuwepo, Mjomba. Nilikuwa napitisha chumvi."

Hakunitukana. Nilitaka anitukane. Alivaa kofia yake, akapita mbele yangu, akaingia kwenye gari la Baba, upande wa kulia, akaufunga mlango polepole. Nikaketi kwenye usukani. Tulikwenda bila redio mpaka kona ya Dort, nikapinda.

Ko, ko.

Delmar akaweka kiganja chake juu ya paneli. Machozi yalikuwa yanamshuka mpaka kidevuni. Akanigeukia, akauliza, sijui kama alijua anachouliza:

"Unasikia?"

"Ndiyo," nikasema. "Nasikia."