Zawadi za shangazi ndani ya buti
Dada yangu Wambui alitaka gari dogo la spoti la kwenda nalo kazini kila siku, akaniamini nimjaribie mawili. Nisije nikapendelea, yote niliyapeleka kwa shangazi, kule Dundori. La kwanza, shangazi hakuwa nyumbani, nikageuza. Halikugusa tuta hata moja. La pili, ambalo Wambui alilipenda, lilikwaruza matuta yote nikirudi, mpaka kwa muuzaji Bondeni.

“Liko chini sana, achana nalo,” nikamwambia Wambui mbele ya muuzaji.

“Boss, kwani ulibeba nini?” muuzaji akauliza kwa uchungu.

“Sikubeba kitu.”

Kuku akalia ndani ya buti. Wambui akafungua: kuku na magunia mawili ya viazi. Haki, mimi niliviona ni salamu za shangazi, si mzigo.

“Nalichukua,” Wambui akamwambia muuzaji akicheka, nami nikapumua. “Lakini viazi ni vyangu.”