Robo ya Bi Mwanamize

Zulekha binti Jecha aliweza kuvumilia sinki lililojaa vyombo, na aliweza kuvumilia makelele ya uwanja wa Gombani siku ya mpira, lakini hesabu chafu ilimtia kichefuchefu. Mwanafunzi akimletea sehemu, tuseme moja juu ya nne, yenye mstari uliopinda, alilishika daftari kwa ncha za vidole, kama mtu anayemtoa panya mfu kabatini. Walimu wenzake wa sekondari walimwita Bi Kinyaa, naye hakukataa.

Babake, marehemu Maalim Jecha, alisomesha mirathi maisha yake yote: nani kafa, kamwacha nani, kila mmoja apate fungu gani. Alipofariki, Zulekha aliyapiga masomo yake kwenye kompyuta kwa programu wanayotumia watu wa hesabu. Kwenye karatasi yalitoka yakapendeza. Kisha akaona ayatie kwenye tovuti, kila mwenye simu ayapate bure, na hapo ndipo karaha ilipoanza.

Programu ya kuyageuza masomo kuwa kurasa za tovuti haikujua kuandika sehemu. Kila sehemu iliipiga picha ndogo, ikaipa nambari, ikaipachika katikati ya maneno. Picha za mwanzo zilitoka na masizi nyuma yake. Akazisafisha. Zikatoka zimekatwa vichwa, robo haina moja yake juu. Akasonya, akaongeza nafasi pembeni, vichwa vikarudi. Mwisho akaongeza mfano mmoja mpya mwanzoni mwa somo la mafungu ya wake, akazipitia picha haraka haraka, akaona kingo zote safi, akazipandisha kwenye tovuti. Kilichoandikwa ndani ya picha hakukisoma. Alikuwa amechoka nazo, hataki hata kuziona.

Wiki chache baadaye alipigiwa simu na Bi Mwanamize wa Chokocho, rafiki wa marehemu mamake. Bi Mwanamize alikuwa ndani ya eda. Mumewe, Nyange, alikufa bila ya kuacha mtoto, na mirathi yake ilikuwa shamba la mikarafuu walilolipanda wawili, yeye na mkewe.

"Mwanangu, shemegi yangu Ahmada kasema babako kaandika nke hupata thumni. Mie nijuavyo ni robo."

"Nke asoachiwa ntoto ni robo, Bi. Babangu hakuandika vyengine."

"Kaandika. Ahmada kaionesha kwenye simu, na watu wameridhika. Kesho alasiri wanagawa."

Zulekha alifungua ukurasa mwenyewe. Maneno yalisema mke ambaye mumewe hakuacha mtoto hupata robo. Mbele ya neno robo, picha safi, haina doa, ilionesha moja chini yake nane, yaani thumni.

Alilikagua faili lake: robo. Akachapisha karatasi: robo. Akaligeuza tena kuwa kurasa: thumni. Akabadilisha ukubwa wa picha zote, akageuza tena, thumni ile ile ikamkodolea macho. Ndipo alipotazama tarehe ya picha yenyewe, akaona ni ya zamani kuliko ule mfano mpya. Programu ilikuwa ikiona uvivu. Picha yenye nambari iliyokwisha kuchorwa haikuichora tena, na mfano mpya ulipoingia mbele, nambari zote zilisogea. Kila sehemu ilikuwa imekalia kiti cha jirani yake. Alizifuta picha zote, akaiamrisha programu ichore upya, na robo ikarudi mahali pake.

"Takataka," akaiambia kompyuta. Hakujua kama anaisema programu au anajisema mwenyewe.

Kesho yake alasiri alikuwa Chokocho. Wanaume walikaa ukumbini, na Bi Mwanamize alikuwa chumbani nyuma ya pazia, na nguo yake ya eda. Ahmada, mdogo wa marehemu, alishika simu juu. Aliwahi kuwa mwanafunzi wa Maalim Jecha, na alipenda ijulikane.

"Hatuna haja ya kwenda kwa kadhi, jamaa zangu. Maalim mwenyewe huyu hapa."

"Ile picha ilikosea," alisema Zulekha. "Kosa ni langu, na nimelitengeneza. Tazameni, hii ni robo."

Ahmada akacheka kwa upole. "Mwalimu, jana thumni, leo robo. Kesho je? Mie n'na skrinishoti ya kabla hujaja kuingiza mkono wako."

Mzee Mmanga, ami yao Nyange na Ahmada, aliyekuwa akisimamia mgao, alimtazama Zulekha kwa shaka. Zulekha aliiomba simu. Kwenye skrinishoti ilibaki sehemu peke yake, moja juu ya nane, imekuzwa. Upande wa kushoto zilionekana ncha za herufi zilizokatwa. Kompyuta ilikuwa imekata vichwa bila ya kujua. Ahmada alilikata neno robo kwa kidole chake, naye alijua alichokikata.

"Hapa palikuwa na neno," alisema Zulekha, akiuonesha ukingo kwa ncha ya kidole. "Limekwenda wapi?"

Kabla Ahmada hajajibu, sauti ilitoka nyuma ya pazia.

"Ahmada! Dadako Intisar alipofiwa na mume, naye hana ntoto, nani alokwenda Wete kumdaia robo yake?"

Mzee Mmanga alimgeukia Ahmada polepole. "Weye ndo ulokwenda. Nauli nilikupa mie."

Ahmada aliitia simu mfukoni. "Tovuti ndiyo ilonipoteza, ami. Mambo ya mitambo haya."

Ule uchafu wa Zulekha, aliouacha kwa kuchoka, mtu aliuokota akaufanya pahala pa kujifichia.

Wakagawa. Robo ya mikarafuu, ile ya upande wa kisimani, ikawa ya Bi Mwanamize. Zulekha aliingia chumbani kumuaga, akidhani atashukuriwa. Bi Mwanamize alimkamata mkono, lakini hakutabasamu.

"Mie nilikuwa na namba yako, mwanangu. Wale wengine walosoma wiki zote hizo, wenye mashemegi kama wangu, watampigia nani?"

Zulekha alitoa simu yake. Akaanza kuandika tangazo la kosa lile, la kuwekwa juu ya kila somo, akilisoma kila neno alilolipiga, asijue litamfikia nani.