Pikipiki ya Mkunga

Mkunga alikasirika kwelikweli. Asubuhi alipofika kumtazama mzazi wa siku tatu, pikipiki yake ilinguruma hadi kichanga kikashtuka na kuacha kunyonya. Bibi wa mtoto akamfungia mlango: "Siku nyingine uje kwa miguu!"

Kumbe fundi, mtoto wa kaka yake, alipobadilisha oili alichomoa na kile kibomba cha ndani ya ekzosi kinachomeza kelele.

"Shangazi, nilikufanyia hisani. Vijana wote wanataka mlio mnene."

"Mimi kijana? Nilikuomba oili, nikakuomba na tarumbeta?"

Fundi, aliyeleta kibomba kipya, akanyoosha mkono apokee bisibisi aliyoishika shangazi yake.

"Tia mkono wako mfukoni! Umeshanisaidia vya kutosha."

Mkunga mwenyewe akapiga magoti uani, akafuta masizi, akakisukuma kibomba hadi tundu likakutana na tundu, akakaza skrubu kwa nguvu zake zote. Alipowasha, injini ikanong'ona.

"Sasa inalia kama cherehani," fundi akanung'unika.

"Alhamdulillahi. Haya, panda nyuma. Unakwenda kumwomba radhi yule bibi kwa mdomo wako mwenyewe."