Siku Nilipoiapia Difu ya Baba

Oili ya difu, lile bakuli la gia linalogawa nguvu kwa matairi ya nyuma, ina harufu yake. Si kama ya injini. Hii ni nzito, inanuka kiberiti na yai viza, na ikishika nguo hata sabuni ya mche inasalimu amri. Wiki iliyopita fundi wangu alilegeza bolti moja chini ya gari, harufu ikanipanda puani, na palepale nikawa na miaka kumi, nimepiga magoti kwenye gereji ya baba kule Mpanda. Nilimwambia fundi aendelee, nikaenda kusimama barabarani mpaka amalize.

Baba alikuwa na Landrova kuukuu ambayo mama alidai anaipenda kuliko sisi sote. Mwaka ule wenye magari waliandaa mashindano ya kuvuka tope kwenye bonde moja la mpunga nje ya mji, na mshindi angeondoka na mtamba wa ng'ombe. Difu uliruhusiwa kuiimarisha: ubadili beringi, ufunge bolti ngumu, uivishe bamba la chuma isipasuliwe na mawe. Kilichokatazwa ni kuvichomelea vigia vya ndani. Ukivichomelea, matairi mawili ya nyuma yanalazimika kuzunguka pamoja, na mwenzako ambaye tairi lake moja linateleza bure anabaki kwenye tope akikutazama mgongo.

Ijumaa nilipotoka shule, baba aliniita chini ya gari. "Stella, njoo uone mwenyewe, maana nyie watoto wa shule mnapenda ushahidi." Difu ilikuwa wazi. Vigia vinne vilikuwa vimelala mle ndani, vinang'aa kwa oili, na baba akanishika kidole akanigusisha kimoja kimoja. Kila kimoja kilicheza peke yake. Tukaifunga pamoja, mimi nikikaza bolti kwa mikono miwili. Kisha akainua magurudumu ya nyuma kwa jeki, akaingiza gia, akanifundisha kipimo: ukisukuma tairi la kushoto kwenda mbele, la kulia lazima lirudi nyuma. Nilisukuma, likarudi. Nilicheka kwa furaha. Hakuna msichana mwingine darasani kwetu aliyejua jambo hilo, na nilipanga kumfundisha Kabula, niliyekaa naye dawati moja.

Jumamosi asubuhi nilikwenda mazoezi ya kwaya. Mchana tukawa bondeni, watu wamejaa kwenye matuta, simu juu wakipiga picha. Waliobaki mwisho walikuwa baba na baba yake Kabula, Msukuma mmoja mpole aliyehamia mjini kwetu na pikapu yake kutoka Sibwesa. Kabla ya mzunguko wa mwisho, Baba Kabula aliomba difu ya baba ipimwe. Wakaweka jeki, jeki ikazama kwenye tope. Wakaweka ubao, ubao nao ukazama.

Mwamuzi alikuwa mama mwenye duka la spea, ambaye mji mzima ulimwita Mama Spea. Alifuta mikono kwenye khanga, akaniinamia.

"Mwanangu, wewe unashinda gereji. Hiyo difu umeiona ndani?"

"Nimeiona. Nimegusa na kidole."

"Imechomelewa?"

"Haijachomelewa. Haki ya Mungu."

Baba Kabula alinitazama, akatabasamu. "Kama ni Stella kasema, basi tena. Twende."

Kichwa kilinivimba. Watu wazima wote wale, na neno la mwisho lilikuwa langu! Pikapu ilikwama katikati, tairi moja likirusha tope mbinguni, la pili limekufa ganzi. Landrova ya baba ikapita kando yake ikinguruma, matairi yote yakikwangua ardhi. Nilipiga vigelegele hadi sauti ikakauka, huku Kabula amesimama pembeni yangu akiitazama pikapu yao.

Jumapili baada ya misa, mtamba amefungwa uani anatafuna majani, nilikuta Landrova imeinuliwa kuoshwa chini. Nikaona nijaribu kile kipimo kabla ya kumwita Kabula. Gia ilikuwa imeingizwa. Nikasukuma tairi la kushoto, likagoma kabisa. Nikapanda, nikatoa gia, nikarudi kusukuma. Likazunguka. La kulia nalo likazunguka, upande uleule.

Nilirudia mara tatu. Mara ya nne nilikuwa nalia.

Baba alitoka na kikombe cha chai. Hakushtuka hata kidogo. "Ile uliyoiona iko stoo," alisema. "Nilibadilisha ukiwa kwaya. Sasa unalia nini? Wewe hujadanganya mtu. Umesema ulichokiona."

Naomba mnielewe: aliyasema kwa upole, kana kwamba ananibembeleza. Nilimchukia, na niliona aibu kumchukia. Nilitamani kukimbia kwa kina Kabula, lakini baba alikuwa baba yangu, nami nilikuwa nimeapa mbele ya watu. Sikwenda. Jumatatu nilimwomba mwalimu anihamishe dawati, nikasema sioni ubaoni. Kabula alidhani nimeanza kuringa kwa sababu tumeshinda, na sijawahi kumwambia vinginevyo.

Kwa miaka mingi, hata ndani ya hasira yangu, nilibaki na kipande kidogo cha fahari kwamba siku ile waliniuliza mimi, mtoto wa miaka kumi. Nimekuwa mtu mzima ndipo nikajiuliza kwa nini. Baba alikuwa amesimama palepale, hatua mbili kutoka kwa Mama Spea, ana mdomo, na gari ni lake. Hakuna aliyemgeukia. Walikuwa wanamfahamu. Katika Mpanda nzima alikuwa amebakiwa na mtu mmoja tu anayemwamini, na baba alilijua hilo tangu Ijumaa, aliponiita chini ya gari na kunishika kidole.