Picha Nilizoziita Mpya

Wenzangu mnaotunza kompyuta za ofisi, msiipe picha ya mashine jina la "Mpya". Mimi niliziita hivyo zote.

Nilikuwa fundi katika ofisi ya kutoa mizigo forodhani, hapa Tunduma. Ndani ya seva yetu kulikuwa na mashine pepe, yaani kompyuta ya programu tupu inayoishi ndani ya kompyuta nyingine, iliyotunza orodha ya malori na madereva wake. Kila nilipotaka kubadilisha kitu, kwanza nilichukua snapshoti, yaani picha ya mashine nzima ilivyo saa hiyo, ili mambo yakiharibika nirudi pale. Nilijisifu hadi kwa madereva. "Mimi jana nairudisha," niliwaambia.

Asubuhi moja programu ikagoma. Nikafungua picha zangu: Mpya, Mpya tena, Mpya kabisa. Nikachagua moja kwa kukisia. Mashine ikawaka vizuri, nami kwa kiburi changu sikutazama hata tarehe.

"Tayari, dada. Ita watu," nilimwambia Rehema, karani aliyeanza kazi wiki ile.

Rehema akafungua dirisha, akasoma jina la kwanza kwenye orodha ya wanaosubiri: "Sadiki Juma!"

Madereva waliokuwa nje wakageuka kutazama dirisha. Dereva Sadiki tulikuwa tumemzika wiki mbili nyuma, na wengi waliokuwa pale walibeba jeneza lake; picha niliyoirudisha ilikuwa ya kabla ya msiba.

Rehema akaita tena, kwa sauti zaidi. Ndipo mdogo wake Sadiki, ambaye sasa ndiye aliyeendesha lori la marehemu, akasogea dirishani na kunitazama mimi.

"Fundi," alisema kwa upole, "si wewe unayeirudisha jana? Basi mwache atoke, mama anamngoja."